Jina Lililopenya Chujio Lako

Mume wangu Sudi,

Barua zote huanza kwa kuuliza hali. Yako siiulizi, maana kila anayekuja hapa kunipa pole hunihakikishia kuwa umepumzika. Haya, pumzika. Ila kuna kazi yako umeniachia bila kuniaga, nami nitakusimulia yote mpaka mwisho. Ulipokuwa hai ulikuwa na tabia ya kunikatiza kila nikianza kukueleza hitilafu. Sentensi yangu haijafika nusu, wewe umeshapata jibu, tena mara nyingi jibu lenyewe si lake. Leo hunikatizi.

Naandika nikiwa chumbani kwetu hapa Mbagala, nyumba ile ile ya mama yako, ndani ya eda. Mlango wa mbele siuvuki, labda kwa matibabu. Nguo zangu ni nyeupe, manukato sigusi, na mwanamume asiye mahramu wangu nikilazimika kuongea naye basi mama awe amekaa karibu anasikia. Sheria hiyo ya mwisho ameiweka mama mwenyewe, na unajua mama yako akiweka sheria. Watu wengine wakiisoma barua hii, wasome tu. Majina ya wenzangu sikuyataja humu, na ukimaliza utaelewa kwa nini.

Ilikuwa kabla ya arobaini yako. Nilishikwa na homa, mama akanipeleka kwenye kile kituo cha afya mlichokiwekea seva wewe na Elibariki, fundi wao wa kompyuta. Nesi alinitoa damu ya malaria, akanitazama usoni, akanitazama tena, halafu akanipa na kikopo cha mkojo. Sikumuuliza cha nini. Akaniandikia namba yangu kwenye kadi, akaniambia majibu nitayakuta ukurasani kesho asubuhi. Tuliporudi nyumbani nilimwambia mama wamepima malaria. Kuhusu kikopo sikusema.

Wewe unajua kwa nini sikusema. Mara tatu, Sudi. Mara tatu tulifurahi na mara tatu tulilala tumegeukia ukuta, kila mmoja na wake. Na kila mara mama alikuwa ameshawaambia majirani, mafundi cherehani, na mashangazi wa Lindi kwa simu. Mara ya pili alinunua mpaka kofia za mtoto, akazitandaza kitandani wageni wazione. Hakuwa na ubaya. Furaha ikimwingia mama yako mdomo wake haufungiki, ndivyo alivyoumbwa. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikipita sokoni baadaye, wanawake wakinitazama tumboni kisha wakiangalia pembeni. Baada ya ile ya tatu tulikaa wewe na mimi tukakubaliana kwamba safari nyingine tutanyamaza, mpaka jambo lenyewe lijisemee. Ukanishika mkono, ukasema, "Hata mama?" Nikasema hata mama. Ukaguna, lakini ukakubali.

Asubuhi ile nikafungua ukurasa kwa simu. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Nilitarajia kuona namba tupu, kama siku zote. Nikaona majina.

Majina kamili, Sudi, matatu matatu, la mtu, la baba yake na la babu yake. Mbele ya kila jina kipimo alichopimwa, na mbele yake jibu. Wanawake ninaowajua. Mmoja tunachangia naye ukuta wa choo. Wengine hawakuandikiwa kipimo wala jibu, waliandikiwa tu "fika umwone daktari", na hapa mtaani hata mtoto wa darasa la tatu anajua maneno hayo yanamaanisha kipimo gani. Nikateremsha kidole mpaka nikajifikia. Jina langu, la baba yangu, la babu yangu. Kipimo cha mimba. Chanya.

Nilipata habari ya mwanao kwa sekunde ile ile niliyogundua kwamba mtaa mzima unaweza kuipata pamoja nami. Sikupewa hata pumzi moja ya kufurahi. Linki ya ukurasa ule iko kwenye kundi la simu la akina mama wa mtaa, wanaufungua kila asubuhi. Nikawaona kabisa akilini wakihesabu kwa vidole. Sudi alilazwa lini? Alitoka lini? Akafa lini? Na mjane wake leo ana nini? Mimi hesabu yangu naijua na wewe unaijua, lakini vidole vya watu havina adabu.

Niliwahi kukuambia chujio lile lako la kuficha majina litatuletea matatizo. Hukunisikiliza.

Nakumbuka ulivyonieleza kazi yake mara ya kwanza. Nilikuwa najua kuandika kurasa za mtandao tu, seva naiogopa. Tulikuwa kwenye arusi ya binamu yako kule Charambe, ukanivuta mpaka karibu na jiko la uani ambapo akina mama walikuwa wamejipanga mstari, wanapitisha masinia. Wa kwanza anapakua pilau, wa pili anaweka nyama, wa tatu kachumbari, wa mwisho anafunika kawa, linatoka nje kwa wageni. Ukaninong'oneza kana kwamba unaniibia siri ya serikali.

"Unaona? Mpishi hajui sinia linakwenda kwa nani. Mgeni hajui limepita mikono ya nani. Sasa hao wa katikati ndio filta. Jibu linatoka kwenye programu, kabla halijafika kwenye simu ya mtu linapita kwao, na kila mmoja anaweza kuongeza, kupunguza, au kubadilisha."

Nikakuuliza, na yule wa kawa?

"Yule lazima awe wa mwisho. Akifunika mapema, wa kachumbari ataimwaga juu ya kawa."

Nilicheka mpaka shangazi yako akatufukuza, kwamba tunawazibia watu njia ya chakula kwa mapenzi yetu. Hakujua tunaongea kazi.

Kituo kilipokuita, programu yao ya maabara ilikuwa kuukuu, imeshika majina kama kupe. Waliowauzia walishatoweka na hakuna aliyejua kuifungua ndani. Wewe ukasema haina haja ya kuigusa. Iache iandike majina yake inavyotaka. Tutaweka chujio kwenye seva, kwenye njia ya kutokea. Likiona maneno "Jina la mgonjwa", lifute kila kitu kinachofuata mpaka mwisho wa kisanduku, liache namba ya kadi peke yake. Programu haitajua, mgonjwa hatajua. Uliliandika mwenyewe, ukajisifu wiki nzima, na ukweli lilikuwa zuri.

Nikampigia Elibariki. Nilitoka na simu mpaka uani, nikaketi kwenye mkeka karibu na mama, nikaweka spika, maana ndiyo sheria. Mama akaacha ungo.

"Shikamoo mama," Elibariki akaanza, na sauti yake ile ya Kichaga haijapungua hata chembe. "Pole tena na msiba. Shemeji, pole."

"Marahaba baba," mama akajibu.

"Kaka Elibariki, ukurasa wa majibu unatoa majina. Ufunge sasa hivi."

"Majina ya nini?"

"Ya wagonjwa! Ufungue uone."

Nikasikia kiti kinasukumwa. "Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu wee." Vidole vikagonga kibodi. "Nimeufunga kwa nje. Huku ndani mimi tu ndiye ninayeuona."

Nikamuuliza kabadilisha nini. Akaapa hajagusa kitu. Nikamuuliza tena taratibu, kama ulivyokuwa ukiniuliza mimi, kwa sababu kila mtu wa kompyuta huapa hajagusa kitu.

"Basi kuna kile cha kubana tu. Watu walikuwa wanalalamika ukurasa unawamalizia bando. Nikaona kwenye mipangilio ya programu pana sehemu ya kubana kurasa ziwe nyepesi, nikaiwasha jana jioni. Nimekosea, shemeji?"

Alikuwa amefunika kawa jikoni. Programu ilikuwa inautoa ukurasa ukiwa umeshabanwa tayari, umekuwa rundo la alama zisizosomeka. Chujio lako linaupokea, linatafuta "Jina la mgonjwa", halioni chochote kinachofanana na hayo, linaridhika, linaupitisha. Ukifika kwenye simu ya mtu unakunjuliwa na majina yote yamo. Hakuna aliyelalamika, si seva wala chujio. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi, kwamba kitu kizima kilikuwa kimeharibika na kila sehemu yake ilikuwa inafanya kazi.

Nikamwambia aizime ile sehemu. Kazi ya kubana tutaiweka baadaye kwenye seva, mwisho wa mstari, baada ya chujio.

"Tufanye haraka," akasema, "kwa sababu mganga mfawidhi, mkubwa wetu, amenipitia hapa sasa hivi. Watu wamejaa dirishani wanataka majibu. Kasema baada ya adhuhuri ukurasa ufunguliwe, uwe na majina usiwe na majina. Mie siwezi kubishana naye, shemeji."

Mama alikuwa anatusikiliza huku na huku, shingo inakwenda kwenye simu, inarudi kwangu. "Majina gani hayo?" akauliza.

"Ya watu waliopimwa, mama. Yanaonekana nje."

"Kila mtu?"

"Kila mtu."

"Hee! Aibu gani hiyo. Na mwanangu alikuwa ameyaficha?"

"Aliyaficha."

Akatikisa kichwa kwa fahari kidogo na huzuni nyingi, akashika ungo lakini hakupepeta.

"Tayari," Elibariki akasema. "Nafungua upya. Naona namba... namba... namba. Shemeji, umeweza! Majina yamekwenda. Ngoja niteremke mpaka chini." Nikasikia anavuta pumzi ya raha. Halafu raha ikaisha. "Ah. Limebaki moja."

Sikuhitaji kuuliza. Sauti yake ilivyoshuka ndivyo nilivyojua. Elibariki ni mtu mwenye haya, wewe mwenyewe ulikuwa ukimtania kuwa anabisha hodi hata kwenye mlango ulio wazi. Alikuwa analisoma lile jina na kipimo chake, na anajua mama yuko karibu na spika.

"Shemeji," akasema polepole, "sijui nilisome?"

"Usilisome."

"La nani?" mama akauliza.

"La mtu tu, mama," Elibariki akajibu haraka, na ile haraka ndiyo iliyoharibu. Mama akageuza uso wake wote kwangu.

Nikamwambia Elibariki nitampigia, nikakata.

Nilijua kimetokea nini, Sudi, na hapo nilikukasirikia kana kwamba umekaa mbele yangu. Unaukumbuka ugomvi wetu? Ukurasa hautoki mzima mzima. Unatoka kwa mafungu, fungu baada ya fungu, kama yale masinia ambayo hayasubiri sufuria liishe. Chujio lako linashika fungu moja, linalichunguza, linaliachia, linashika lingine. Mimi nikakuuliza, je, fungu likikatika katikati ya jina? Maneno "Jina la mgonjwa" yakibaki mwisho wa fungu hili na jina lenyewe likaja mwanzo wa linalofuata? Nikakushauri ukusanye ukurasa wote kwanza ndipo uchuje. Ukaniambia mashine ya kituo ni ndogo, itasongwa, watu watasubiri, na tena itatokea mara moja kwa mwaka. "Rehema bwana, unaogopa mvua ya mwakani." Ukazima taa ukalala. Pengine lilitokea mara nyingi na hatukuona. Siku ile ukurasa ulikuwa mrefu, na maungio ya mafungu yakaangukia kwangu.

Niliwaza kumwomba Elibariki aufute mstari wangu peke yake. Programu ile haifuti majibu ya maabara, lakini hata kama ingefuta, kesho maungio yangemwangukia mwanamke mwingine, na huyo asingekuwa na mtu wa kumpigia. Dawa ilikuwa moja, kulirekebisha chujio lenyewe. Na seva ya kituo uliiwekea mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni laptopu yako.

Laptopu yako ilikuwa kabatini. Mama aliifungia humo na mashati yako, kofia zako, kandambili zako na ule wembe wako, siku ya pili ya matanga. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Kwenu vitu vya marehemu havishikwi mpaka arobaini isomwe, ndipo vitolewe mbele ya ndugu. Shemeji yako mmoja aliomba saa yako siku ya tatu, akafukuzwa kama mbwa. Nilishuhudia.

"Mama," nikasema, "naomba ufunguo wa kabati."

"Wa nini?"

"Laptopu ya Sudi. Nirekebishe."

"Si yamekwisha? Si kasema majina yamekwenda?"

"Limebaki moja."

"Basi lisubiri. Arobaini si mbali. Rehema mwanangu, mie kabati lile nikilipita nafumba macho. Sijalifungua tangu siku ile. Mie mwenyewe, mama mzazi. Leo nilifungue kwa ajili ya jina la mtu mmoja? Ni mtoto wa nani huyo mpaka tuvunje mila yetu?"

Wakati huo adhuhuri ilikuwa inakaribia. Muadhini wa msikiti wa chini alikuwa anajaribu kipaza sauti, unajua anavyokipuliza kwanza. Nilimtazama mama yako. Nikamuona kapungua, Sudi. Mashavu yameingia ndani, kanga inamzunguka mara mbili. Nilikuwa na njia ya kudanganya. Ningesema ni jina la mtu mkubwa, ni jina la mgonjwa mahututi, kituo kitafungwa, nitakamatwa. Angenipa ufunguo. Lakini simu yake ilikuwa pale mkekani, na kama mtu mmoja tu alikuwa ameufungua ukurasa kabla ya Elibariki kuufunga, basi simu ile ingeweza kulia wakati wowote na mama angeambiwa na jirani kuwa mkwewe ana mimba. Aambiwe na jirani! Habari ya mtoto wako aipokee kama mtu wa mwisho mtaani.

"Ni langu, mama."

Hakuelewa mara moja. "Lako lipi?"

"Jina lililobaki. Ni langu."

"Si umepima malaria?"

"Nilipima na kingine."

Ninavyomjua, nilingoja mayowe. Nilingoja vigelegele, au kilio, au vyote kwa pamoja na majirani wakija mbio kwenye ua. Mama hakufungua mdomo. Akaliangalia tumbo langu, akaangalia ukuta wa jirani, akaangalia tena tumbo. Mikono ikaanza kulitafuta pindo la kanga, fundo halifunguki, akaliuma kwa meno mpaka likalegea. Akanitia ufunguo kiganjani na kukikunja kiganja changu.

"Mie nimeshasikia," akasema kwa sauti ndogo. "Wengine hayawahusu. Nenda kafunge."

Kabati nililifungua mimi. Mama alisimama mlangoni kajifunika uso na kanga, na ile harufu yako ilipotoka alitoa mlio nisiousahau. Sitaueleza hapa.

Nilikaa sakafuni na laptopu mapajani. Betri ilikuwa imekufa, nikachomeka, ikachukua wakati wake kama wewe ulivyokuwa ukiamka. Adhana ikaadhiniwa. Mama hakwenda kusali kwanza, alikaa kwenye ncha ya kitanda, ananiangalia vidole. Nikaingia kwenye seva. Nikalifungua chujio lako na nikakuta maandishi yako, yale majina ya ovyo unayoviita vitu vyako, "bibi", "babu", "sinia". Nilitaka kucheka na nilitaka kukupiga kofi.

Nilichofanya ni hiki, na naomba usinikatize. Sikukusanya ukurasa wote, hapo ulikuwa na haki, mashine ile ingesongwa. Ila kila fungu likifika, chujio halilipitishi lote. Linazuia mstari wa mwisho, ule ambao huenda umekatika, linaushikilia mpaka fungu linalofuata lifike, linaunganisha, linatafuta, ndipo linapitisha. Na seva ikitangaza kuwa ukurasa umeisha, kilichoshikiliwa nacho kinachujwa na kuachiwa, ili kisibaki mkononi mwa chujio na mtu akapokea ukurasa uliokatwa mkia. Ni mistari michache tu. Tungeweza kuiandika usiku ule ule wa ugomvi kama usingezima taa. Kazi ya kubana nikaiweka mwisho kabisa, nyuma ya chujio, ili watu wapate wepesi wao wa bando na Elibariki asilie.

Jaribio la kwanza likakataa. Nilikuwa nimesahau alama moja ya kufungia. Naandika, nafuta, na Elibariki alikuwa anapiga simu, mama anaipokea na kumwambia, "Subiri, baba, subiri, anaandika." Mara ya mwisho akamwambia, "Mwambie huyo mganga wako aje kwangu nimuulize mama yake alimfunza nini." Sijui kama Elibariki aliufikisha ujumbe.

Jaribio la pili seva ikaamka. Nikaweka spika.

"Angalia sasa."

Mama akanishika bega. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Namba," Elibariki akasema. "Chini kabisa pia namba. Naangalia tena... Namba tupu, shemeji. Hakuna jina." Halafu akaongeza haraka, "Na mie sikuona kitu leo. Sikuona chochote."

"Mungu akubariki, baba," mama akamwambia, akamkatia simu yeye mwenyewe. Akaichukua laptopu mapajani mwangu, akaifuta vumbi kwa kanga ingawa haikuwa na vumbi, akairudisha kabatini juu ya mashati yako. Akafunga. Ufunguo akarudisha kwenye pindo. Ndipo akatandika mswala.

Niseme sasa ninavyojisikia, maana hukuwa mtu wa kuuliza lakini ulikuwa ukisikiliza. Naogopa, Sudi. Naogopa kila nikisimama, kila nikienda msalani. Sijui wangapi waliuona ukurasa kabla ya kufungwa, na siwezi kuwauliza bila kuwaambia. Nimekukasirikia kwa ile "mvua ya mwakani", nimekukasirikia kwa kufa, na hasira zote mbili nikizichunguza nakuta nimekukumbuka tu. Chujio lako linafanya kazi. Naliangalia kila asubuhi kwa simu, nateremka mpaka chini, namba tupu.

Arobaini ikasomwa, vitu vyako vikatolewa mbele ya ndugu. Saa alipewa yule yule aliyefukuzwa. Laptopu mama alisema inabaki na mimi, na hakuna aliyethubutu kuuliza sababu.

Wiki iliyopita alikuja yule jirani yetu mwenye masikio marefu, unamjua. Alikaa uani na mama, wakaongea bei ya nazi, wakaongea maji yanayokatika, kisha akashusha sauti. "Mbona Rehema simuoni vizuri? Kila nikija nasikia anatapika. Au kuna heri?" Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika kizingiti. Nikasubiri. Mama yako, ambaye hajawahi kuficha habari njema tangu azaliwe, akapangusa ungo wake.

"Uchovu wa msiba," akasema. "Mwenzio kafiwa na mume. Ulitaka awe anacheza ngoma?"

Yule mama akaaga mapema. Mama akaingia ndani, akanikuta nalia, akaniambia nimepiga magoti kwenye sakafu ya baridi, niinuke, nitaumia. Hakusema zaidi. Usiku huwa nasikia anaongea chumbani kwake peke yake, na jina lako limo, lakini maneno hayafiki kwangu.

Eda yangu ilikuwa ya miezi minne na siku kumi, kama ya wajane wote. Sasa haihesabiwi hivyo tena. Itaisha atakapozaliwa. Sijawahi kuliona kaburi lako, wanaume ndio waliokupeleka, mimi nilibaki humu ndani nimefunikwa shuka. Kwa hiyo siku nitakayovuka mlango huu, safari yangu ya kwanza ni kwako, na utaniona kabla sijatamka neno. Kama mikono yangu imebeba, utajua. Kama ni mitupu, Sudi, niache nikae kwanza, usiniulize kitu.

Nakuaga kwa leo. Mama ananiita nile, na siku hizi mama yako akiniita nile hakuna ruhusa ya kukataa.

Mkeo.